Dk. John Kirk: alikuja Unguja kutibu, akaishia kwenye mikataba

Mwalimu mmoja wa historia anayefundisha sekondari Tanga ameniandikia hivi: "Kila mwaka nikifika kwenye mada ya kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, jina la Dk. John Kirk linajitokeza. Wanafunzi wananibana: huyu alikuwa daktari kweli, au ni cheo tu? Kama alikuwa daktari, alimtibu nani? Ilikuwaje tabibu akawa balozi mwenye sauti kuliko Mzungu mwingine yeyote Unguja? Na je, ni yeye aliyelifunga soko la watumwa, au vitabu vimetia chumvi?"

Mwalimu, wanafunzi wako wanauliza maswali mazuri, na nitajaribu kuyajibu bila kuruka hata moja. Nianze na lililo jepesi. Kirk alikuwa daktari kamili. Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 katika kijiji cha Barry, karibu na Arbroath, mashariki mwa Uskoti, mtoto wa mchungaji. Alisoma udaktari Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1854, kisha akafanya kazi katika hospitali kuu ya mji huo wakati mmoja na Joseph Lister, yule ambaye baadaye angewafundisha madaktari wa upasuaji kuua vijidudu kwenye vidonda.

Hapa kuna jambo ambalo ukiwaeleza wanafunzi, mengine yote yatawaelea. Katika Edinburgh ya wakati ule, mwanafunzi wa udaktari alisoma mimea kwa bidii ileile aliyosomea mifupa na mishipa. Dawa nyingi zilitoka kwenye majani, magome na mizizi, na daktari asiyeweza kuutambua mmea hakuweza kuiamini dawa aliyoishika. Kirk aliupenda upande huo kuliko kitanda cha mgonjwa. Vita vya Crimea vilipozuka alikwenda kuhudumu katika hospitali ya Renkioi huko Dardanelles, Uturuki, hospitali ya mbao iliyobuniwa na mhandisi Brunel na kusafirishwa vipande vipande kwa meli ikaunganishwe hukohuko. Kazi ilipopungua, Kirk alipanda milima kukusanya maua. Kwa hiyo David Livingstone alipotafuta mtu wa kumchukua kwenye safari ya Mto Zambezi, mtu ambaye angekuwa daktari na mtaalamu wa mimea kwa mshahara mmoja, Kirk alifaa.

Waliondoka Liverpool Machi 1858. Kirk alikuwa na umri wa miaka 25.

Safari hiyo ilidumu kwake miaka mitano, na ndiyo sehemu ya maisha yake ambamo udaktari unaonekana waziwazi zaidi. Homa ndiyo iliyokuwa adui. Hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye mwenezaji. Ronald Ross hakuthibitisha uhusiano wa mbu na malaria hadi mwaka 1897. Madaktari wa 1858 waliamini kwamba homa inatoka kwenye hewa mbovu ya mabwawa. Lakini walijua kwinini inasaidia, na Livingstone, ambaye naye alikuwa daktari Mskoti, alikuwa na vidonge vyake alivyovitunga mwenyewe: kwinini, kalomeli (dawa yenye zebaki) na dawa mbili za kuharisha zilizotokana na mimea. Kirk aliwapa wenzake dawa hizo, akaandika nani amepona na nani hakupona. Mara nyingine dawa ilikuwepo na bado haikufaa kitu. Mary Livingstone, mke wa kiongozi wao, alipougua Shupanga kwenye ukingo wa Zambezi mwezi Aprili 1862, Kirk alikuwa pembeni yake. Alitapika mfululizo, dawa haikukaa tumboni, na tarehe 27 akafariki. Sindano ya kwinini haikuwapo. Daktari alibaki kutazama.

Sasa nikusimulie kisa kimoja ambacho nakipenda kuliko vyote vya Kirk, kwa sababu kina faida kwa wanafunzi wa sayansi pia. Wawindaji wa bonde la Mto Shire, katika Malawi ya leo, walipaka mishale yao sumu iitwayo kombe, iliyotoka kwenye mbegu za mmea unaotambaa juu ya miti. Kirk alikusanya kidogo akaitia mfukoni. Mfuko huohuo ulikuwa na mswaki wake. Siku moja, akiwa na mafua na mapigo ya moyo yakienda mbio, alipiga mswaki akasikia uchungu mdomoni. Hakushtuka, maana mpini wa mswaki ule aliutumia mara kwa mara kuchotea kwinini, na kwinini ni chungu. Mara mapigo ya moyo yakashuka. Mtu mwingine angeshukuru kwamba mafua yamepungua na kuendelea na safari. Kirk alijiuliza kwa nini, akaukumbuka ule unga wa mfukoni, akaelewa kwamba sumu hii inashika moyo moja kwa moja.

Mbegu za mmea huo zilifika Uingereza, ukapewa jina la kisayansi *Strophanthus kombe*, na Thomas Fraser, mwanasayansi wa dawa wa Edinburgh, akauchunguza kwa miaka mingi. Mwisho wa karne ya 19 madaktari wa Ulaya walikuwa wanawapa wagonjwa wa moyo dawa iliyotokana nao. Nakuomba uwaambie wanafunzi wazi kabisa: ujuzi wa kwanza ulikuwa wa wawindaji wa Shire. Wao ndio waliojua mmea upi, mbegu zipi, zitwangwe vipi, na kiasi gani kinamwangusha mnyama bila kuiharibu nyama yake. Kirk alileta jicho la daktari aliyezoea kushika mishipa ya mkono na kuhesabu, na hilo nalo si dogo, lakini alilileta juu ya elimu iliyokuwapo.

Mengine ya Zambezi nayapitia haraka. Meli yao haikuweza kupita maporomoko ya Cahora Bassa. Mwaka 1860 mtumbwi wa Kirk ulipinduka kwenye maji hayohayo, akanusurika, lakini madaftari yake na michoro ya mimea vikazama. Walilifikia Ziwa Nyasa Septemba 1859 wakaona kwa macho yao misafara ya watumwa ikielekea pwani. Uhusiano wake na Livingstone ulichoka; katika shajara yake Kirk alifika mahali pa kutilia shaka akili ya kiongozi wake. Aliondoka mwaka 1863 akiwa mgonjwa. Hata hivyo, Livingstone hakuacha kumthamini, na ndiye aliyemsaidia kupata kazi iliyobadilisha maisha yake: daktari wa ofisi ya uwakala na ubalozi wa Uingereza Unguja, mwaka 1866.

Hapo tunafika kwenye swali lako la pili, ilikuwaje tabibu akawa balozi. Unguja ya miaka ya 1860 ilikuwa na Waingereza wachache mno, na wachache hao walikuwa wagonjwa mara kwa mara. Afisa akiugua, mwenzake hushika kazi yake. Kirk alianza kwa kutibu, akapewa umakamu wa ubalozi, na Balozi Churchill alipolazimika kuondoka kwa ugonjwa mwaka 1870, kalamu na muhuri vikabaki mikononi mwa daktari. Mwaka 1873 alithibitishwa kuwa wakala na balozi mkuu. Hakuwa mwanasiasa aliyetumwa kutoka London; alikuwa mtu aliyekaa. Mabalozi walikuja wakaondoka, yeye akakaa karibu miaka 20, akijua nani anamdai nani forodhani, nani ni mgonjwa kasri, na jahazi la nani limetoka Kilwa usiku.

Alikuwepo kipindupindu kilipoingia Unguja mwishoni mwa 1869 na kuua maelfu kwa maelfu mjini na mashamba. (Mskoti mwenzake, Dk. James Christie, aliandika kitabu kizima kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki, kikachapishwa 1876, na kwa upande wa tiba peke yake naona Christie alifanya kazi kubwa kuliko Kirk.) Nalitaja gonjwa hilo kwa sababu linahusiana na ugomvi maarufu wa Kirk na Henry Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone bara. Shehena ya mahitaji ambayo Kirk alimpelekea Livingstone Ujiji mwaka 1869 iliangukia mikononi mwa kipindupindu: wapagazi walikufa, msafara ukavurugika. Shehena ya mwaka uliofuata ilikwama Bagamoyo hadi Februari 1871, wapagazi wakila posho bila kusogea, mpaka Kirk alipovuka mwenyewe kwenda kuwahimiza waanze safari. Zaidi ya hapo, wapagazi hao walikuwa watumwa wa wafanyabiashara wa Kibaniani, jambo lililomkasirisha sana Livingstone aliyekuwa akipigana na utumwa. Stanley alipomkuta Livingstone baadaye mwaka huo, alimjaza maneno kwamba Kirk amemtelekeza, na akayatangaza magazetini. Serikali ya Uingereza ilichunguza ikamsafisha Kirk. Mimi naona alizembea katika shehena ya Bagamoyo, lakini shutuma ya kumtelekeza rafiki haikuwa ya haki. Aprili 1874, Livingstone alipozikwa Westminster Abbey, Kirk alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza, pamoja na Stanley mwenyewe na Jacob Wainwright, kijana wa Kiafrika aliyeusindikiza mwili kutoka bara.

Haya, soko la watumwa. Hapa naomba subira, maana vitabu vya shule hukipitisha kisa hiki kwa sentensi mbili.

Mikataba ya nyuma ilikuwa imebana usafirishaji wa watumwa kwenda Uarabuni na Uhindi, lakini iliacha mlango wazi ndani ya milki ya Sultani: kutoka Kilwa hadi Unguja, Pemba na Lamu watumwa waliendelea kusafirishwa kihalali, na soko la Mkunazini likaendelea. Oktoba 1870 Sultani Seyyid Majid alifariki, na ndugu yake Barghash akakalia kiti. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja. Miti ya karafuu iling'olewa kwa wingi mno, na merikebu za Sultani zikaangamia bandarini. Karafuu ilikuwa uti wa mgongo wa hazina, na mashamba yaliyohitaji kupandwa upya yalihitaji mikono. Miezi tisa tu baada ya hapo, Januari 1873, akatua Sir Bartle Frere kutoka London kumtaka Barghash afunge biashara yote. Barghash alikataa. Ukiyasoma mazingira yake unaelewa: alikuwa anaombwa aidhinishe kufilisika kwa matajiri waliomshikilia kwenye kiti. Frere aliondoka mikono mitupu.

Mapema Juni yakafika maagizo mapya kwa Kirk: Sultani asipotia saini, meli za kivita zitaizingira Unguja. Kisiwa kilichoishi kwa forodha na chakula cha kutoka nje hakikuweza kustahimili hilo. Kirk alikwenda kasri na ujumbe usiokuwa na nafasi ya kujadiliana. Barghash alitaka kwenda London kujieleza mwenyewe, haikuwezekana. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa saini na soko likafungwa. Mwisho wa mwaka huohuo, siku ya Krismasi, jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana likawekwa mahali pale pa soko.

Je, ni Kirk aliyelifunga? Aliyetia saini ni Barghash. Aliyetisha ni serikali ya Uingereza na manowari zake. Aliyeijua saa ya kumshika Sultani, na namna ya kumweleza asifedheheke zaidi ya ilivyolazimu, ni Kirk. Ningewaambia wanafunzi wayataje yote matatu, na waongeze la nne ambalo hukosekana: soko lilifungwa lakini biashara haikufa. Wafanyabiashara waliacha bahari wakashika nchi kavu, wakawatembeza watu kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, njia ndefu na ya mauti zaidi. Ndiyo maana Barghash alitoa amri nyingine mwaka 1876 kupiga marufuku misafara ya watumwa bara, amri zilizomtia matatani na watu wake mwenyewe. Na utumwa wenyewe, yaani kumilikiwa kwa mtu, uliendelea kuwa halali Unguja hadi 1897. Binti aliyekuwa mtumwa shambani tarehe 4 Juni 1873 alikuwa bado mtumwa tarehe 6.

Baada ya mkataba ule, cha kushangaza ni kwamba Kirk na Barghash walikaribiana. Mwaka 1875 Sultani alikwenda London na Kirk akafuatana naye. Kwa miaka kumi daktari huyu alikuwa mtu ambaye Sultani alimwita kabla ya kuamua jambo. Waingereza walimpa nishani na cheo cha Sir. Barghash naye alipata mshauri aliyemwambia kwamba akiwasikiliza Waingereza juu ya watumwa, Waingereza watailinda milki yake ya Mrima, yaani pwani ya bara, na ya ndani zaidi.

Ahadi hiyo haikutimizwa, na kwangu mimi hapo ndipo Kirk anapopaswa kupimwa, kuliko mwaka 1873. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alizunguka Usagara na sehemu za jirani akikusanya alama za machifu kwenye karatasi, na Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani, kupitia kansela wake Bismarck, akatoa hati ya kuzilinda "nchi" hizo. Barghash alipinga. Agosti, manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya kasri yake, na ndani ya msafara huo akaletwa dada yake mwenyewe, Sayyida Salme, aliyekuwa ameolewa na Mjerumani. Kirk aliiona dhuluma hiyo na hakuipenda. Lakini London ilimhitaji Bismarck kwa mambo ya Misri, na agizo kwa balozi wake likawa: mshauri Sultani akubali. Akamshauri. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana bara, Sultani akaachiwa ukanda wa pwani wa maili kumi. Uaminifu uliojengwa kwa miaka kumi na sita ulitumika kumtuliza mwenye mali wakati mali inachukuliwa.

Wapo wanaomtetea kwa kusema alikuwa mtumishi tu. Ni kweli alikuwa mtumishi. Lakini angeweza kujiuzulu mwaka 1885 na kusema kwa nini, na hakufanya hivyo. Aliondoka Unguja mwaka 1886 kwa utaratibu wa kawaida, akastaafu mwaka uliofuata. Barghash alifariki Machi 1888 akiwa na milki iliyobaki kivuli. Kirk aliendelea kuketi kwenye vikao vya wakubwa: mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 kuhusu biashara ya watumwa, na mwaka 1895 alitumwa Delta ya Niger kuchunguza kisa cha watu wa Brass waliovamia kituo cha kampuni ya Kiingereza huko Akassa. Alifariki Sevenoaks, Uingereza, tarehe 15 Januari 1922, akiwa na miaka 89.

Umeniomba pia, mwishoni mwa barua yako, nikutajie kitu ambacho wanafunzi wanaweza kukiona kwa macho. Kipo. Ukiwavusha hadi Unguja, wapeleke msitu wa Jozani wakamtazame kima punju, yule mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe kuzunguka uso; jina lake la kisayansi linabeba jina la Kirk, kwani vielelezo alivyopeleka Ulaya ndivyo vilivyomtambulisha kwa wanasayansi mwaka 1868. Digidigi wa bara naye ana jina hilohilo. Halafu waulizie wazee wa pwani habari za sandarusi, ule utomvu mgumu uliochimbwa mchangani Mrima na kuuzwa Ulaya kutengenezea vanishi. Wataalamu walibishana kama mti uliotoa sandarusi ya ardhini bado upo au umetoweka. Kirk aliilinganisha sandarusi ya kuchimbwa na ile mbichi ya mtini, akaonyesha kwamba ni mti uleule unaoendelea kuota pwani. Ni kazi ya kurasa chache tu, haina mfalme wala manowari ndani yake, na mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye kipande cha sandarusi na lenzi ya kukuza anaweza kuanza kuifuata leo: atazame ndani yake kama kuna mdudu au jani.